Kengele ya Festo

Ninyi vijana mnaokuja hapa na baiskeli zenu za gia nyingi, mkinikuta nimeketi mlangoni mnaniuliza maswali mawili. La kwanza: Fundi Ainea, ni kweli wewe ndiye uliyemtengenezea Festo baiskeli? Ndiyo, ni mimi, na ninajibu haraka kabla swali halijaisha. La pili: ilikuwaje akaanguka? Hapo ninaanzanga kutafuta miwani, na miwani iko puani.

Leo nimeiacha miwani puani. Keti, chukua karatasi uandike ninayosema. Ukiwa na haraka, nenda, lakini usije kesho kuniuliza tena.

Kazi nilifundishwa na Mzee Rajabu, mtu wa Mumias aliyekuwa na karakana hapa Kakamega, nyuma ya soko. Alikuwa mfupi, mkali, na kila asubuhi alisema "Assalamu aleikum" akiingia, hata kama ndani hakuna mtu ila spana na mafuta. Jambo la kwanza alilonifundisha ni kusikiliza. Gurudumu, kijana, halinyooshwi kwa macho peke yake. Unalizungusha polepole, unagonga spoki moja moja kwa ukucha, na unasikiliza. Iliyokazwa kupita kiasi inalia juu, iliyolegea inalia chini, na wewe kazi yako ni kuzifanya zilie sawa. Nilikaa miezi nikigonga spoki na sisikii tofauti yoyote. Rajabu akanitoa nje nikaoshe masikio kwa sabuni. Wallahi, alinisimamia nikaosha.

Jambo la pili nilijifunza kwa aibu. Katekista mmoja wa Shianda alileta baiskeli yake kubadilishwa tairi. Kwenye kitovu cha gurudumu la nyuma alikuwa amefunga kipande cha ngozi, kimechakaa, kimejaa mafuta na vumbi. Nikasema moyoni, huyu mtu wa Mungu mbona mchafu hivi? Nikakikata, nikakitupa, nikapangusa kitovu mpaka kikang'aa. Baada ya wiki moja tukamwona anakuja kwa miguu, anasukuma baiskeli, gurudumu linasaga kama jiwe la kusagia wimbi. Kumbe ile ngozi ilikuwa inaziba tundu la kutilia mafuta. Vumbi la barabara ya Mumias limeingia lote mle ndani.

Rajabu hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alisema, "Ainea, kitu cha mtu usikitoe kwenye baiskeli yake kabla hujajua kinafanya kazi gani." Nikaitikia, ndiyo Mzee. Nilikuwa kijana mkubwa mwenye ndevu na akili ya mtoto, na maneno yale niliyasahau siku moja tu katika maisha yangu yote. Siku hiyo ndiyo mnayoniulizanga.

Festo alikuwa tarishi wa posta. Kazi yake ilikuwa kupeleka telegramu. Ninyi hamjui telegramu, na shukuruni. Siku hizo mtu hakutumanga telegramu kusema hujambo. Ilikuwa ni "Baba mgonjwa njoo," au ni "Mazishi Jumamosi." Festo alipewa baiskeli nzito nyeusi yenye keria na kengele kubwa ya shaba. Kengele ile ilikuwa na ufa mdogo pembeni, kwa hiyo haikulia kama za wengine. Ililia mara mbili: mlio mmoja safi, halafu mwingine mkavu unaufuata. Ukiisikia tu unajua ni Festo, na ukijua ni Festo, unaacha ulichokuwa ukifanya. Nimeona mama akiacha chungu cha mboga jikoni kikaungua kwa sababu kengele ile imesikika kwenye kona. Nimeona wazee wakisimama bila kusemezana mpaka apite. Akipita bila kusimama kwao, wanaketi tena, na mmoja anacheka bila sababu.

"Fundi," aliniambia mara moja nikimkazia cheni, "watu hawanipendi."

"Wanakupenda. Hawapendi mfuko wako tu."

"Wakisikia kengele wananitazamanga kama mimi ndiye nimeua."

Alikuwa mpole hivyo. Mrefu, mwembamba, miguu ya korongo, na hakuwa na neno baya kwa mtu.

Nyumba moja aliyoipelekea habari mbaya ilikuwa ya mjane, ama tuseme alifanywa mjane na karatasi ile. Huyo ni Mama Rasoa wa Lubao, aliyekuwa akiuza ndizi na mitungi pembeni ya soko la ng'ombe. Mume wake alikuwa kibarua wa reli mbali huko, akafa huko. Festo alimsomea telegramu kwa sababu mama hakujua kusoma. Akamaliza kusoma, hakuondoka. Aliegemeza baiskeli, akachota maji, akampasulia kuni, akamngojea mpaka majirani wakaja. Binti wa nyumba, Rasoa, alimwona akifanya hivyo. Sina haja ya kuwaeleza zaidi. Mwaka uliofuata Festo alianza kupeleka ng'ombe kwa akina Rasoa.

Sasa sikilizeni hapa, kwa sababu ninyi siku hizi mnapiga picha na wakwe zenu mmekumbatiana, na mimi sisemi kitu. Kwetu, kijana akishapeleka ng'ombe, yeye na mama wa msichana hawatazamani uso kwa uso tena. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kwenye majani mpaka mwingine apite. Hawashikani mkono. Hawaketi pamoja wakazungumza. Si chuki, ni heshima, na heshima kubwa. Mama Rasoa alimpenda Festo kama mtoto aliyemzaa, na kuanzia siku ile ng'ombe wa kwanza aliingia bomani kwake, hakumwona uso tena. Alikuwa anasikia kengele tu. Akiisikia, anageukia ukuta.

Haya, mbio. Mbio zilianza kama mchezo. Siku za kusherehekea uhuru kulikuwa na michezo kila mahali, kuvuta kamba, kukimbia na yai kwenye kijiko, na mbio za baiskeli. Bosi wa Festo akamwandikisha bila kumwuliza. Alishindana na ile baiskeli ya posta, keria na kengele na vyote. Shangazi yake alikuwa amemchinjia kuku, ingokho yetu, asubuhi na akakataa katakata kumwachia aondoke kabla hajamaliza obusuma, ugali wote. Mzunguko wa kwanza Festo alikuwa wa mwisho, ameshika tumbo. Akashuka, akatapika kando ya uwanja, akafuta mdomo, akapanda tena. Akawashinda wote. Watu walicheka mpaka machozi yakawatoka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimesikiliza pumzi yake alipopita mbele yangu kwenye kilima, na haikuwa imepanda. Wengine walikuwa wanahema kama mvukuto.

Karakanani kwetu kulikuwa na baiskeli nyembamba ya mbio imening'inia ukutani. Mzungu mmoja mpima ardhi aliileta kutengenezwa, halafu bendera ikabadilika, akaondoka bila kuiulizia. Mzee Rajabu alikuwa amekwisha kufariki wakati huo na kuniachia karakana. Nikaiteremsha ile baiskeli. Magurudumu nilisuka upya, spoki moja moja, kwa masikio. Usukani wake ulikuwa umepinda chini, na Festo alipoinama kuushika mara ya kwanza alisema, "Fundi, hii ni ya kuswalia?" Lakini alipoipanda mpaka Shianda na kurudi, hakutania tena. Aliishika kiti kama mtu aliyeshika mkono wa mgonjwa.

Kitu kimoja alikataa. Nilitaka kuweka kengele ndogo mpya. Akasema hapana, niitoe ile ya shaba kwenye baiskeli ya posta, bosi amekubali. "Wameisikia ikileta msiba," alisema. "Sasa waisikie na kwa jambo lingine."

Na waliisikia. Alishinda Kisumu. Alishinda Eldoreti. Nairobi alikuwa wa tatu, katikati ya watu wenye viatu vya kufungwa kwenye pedeli na mameneja wenye kofia. Akirudi Kakamega, watoto walikuwa wanakimbilia mlio ule badala ya kuukimbia. Mzee mmoja aliniambia hajawahi kufikiria ataisikia kengele ile na moyo wake utulie. Mimi nilivimba kichwa. Nilianza kutembea katikati ya barabara.

Ndipo ikaja habari kubwa. Mbio za kuchagua timu ya taifa zingefanywa huku kwetu: kutoka Kakamega mjini, kupita Lubao, mbali huko mpaka mahali pa kugeukia, na kurudi njia ile ile. Wawili wa kwanza wangeingia kambini Nairobi na kupelekwa ng'ambo kushindana. Wawili tu. Festo alikuwa amekaribia umri ambao, usipochaguliwa, hakuna atakayekutazama tena. Tulijua, yeye na mimi, kwamba ni siku ile au basi.

Siku tatu kabla ya mbio nilikwenda Lubao kununua ndizi. Mama Rasoa aliniuzia huku anasema peke yake. "Watu wote wamemwona huyu kijana akishindana. Mpaka wale wa kuuza mbuzi wamemwona. Mimi nasikianga tu. Hata siku hiyo nitakaa nyumbani nasikia."

Nikamhurumia. Tena nilikuwa na kichwa kimevimba, nilijiona mtu wa kutatua kila kitu. Nikamwambia, "Mama, si lazima ukae nyumbani. Simama barabarani, nyuma ya watu, uwape mgongo. Kengele ya Festo unaijua?"

"Nitaikosaje? Si ndiyo ilinifanya mjane?"

"Basi. Wakati wa kurudi, ukiisikia imekupita, geuka. Utamwona mgongo. Mgongo si uso. Hakuna mila umevunja."

Halafu akacheka, akafunika mdomo kwa leso. "Fundi, wewe una akili mbaya." Akaniongezea ndizi nne. Nikamwambia sitamwambia Festo, asije akaona haya. Akasema naye hatamwambia mtu, hata Rasoa.

Asubuhi ya mbio tulikuwa uwanjani mapema. Nilimnywesha chai yenye sukari nyingi na ndizi mbivu, hakuna kuku wa shangazi tena. Wale wa Nairobi walikuwa kando yetu. Fundi wao aliinua baiskeli yao kwa kidole kimoja, akanitazama, akatabasamu. Jamani, tabasamu lile! Nikainua yetu kwa kidole, kidole kikauma. Nikaanza kuitazama: nini kizito hapa? Madigadi nilishatoa. Keria haina. Macho yakaishia kwenye usukani, kwenye ile kengele ya shaba.

Nikachukua bisibisi. Skrubu mbili.

"Fundi," Festo akasema, "kengele umeitoa ya nini?"

"Kwani leo unapeleka telegramu?"

Akacheka. Waamuzi wakaita. Nikaitia kengele kwenye mfuko wa aproni, nikampiga mgongoni, akaenda. Nawaapia, Lubao haikunijia akilini hata kidogo. Nilikuwa nafikiria kidole cha yule fundi.

Nilipanda kwenye lori lililowafuata, na spana zangu na tairi za akiba. Sitawaeleza mbio zote. Ilikuwa mvua imenyesha jana yake, barabara ya udongo, wengine wakateleza, wengine wakachoka vilimani. Tulipogeuka kurudi walibaki wawili mbele, mtu wa Nairobi na Festo nyuma yake kidogo, na wa tatu hata haonekani. Wa pili alitosha. Angeweza kupiga pedeli kwa raha mpaka Kakamega na bado aende ng'ambo. Nilikuwa nimesimama kwenye lori, naimba.

Tukaikaribia Lubao. Ilikuwa siku ya soko, watu wamejaa pande zote mbili, ng'ombe wanalia. Nikaingiza mkono mfukoni nichukue kitambaa nipunge, na vidole vikagusa shaba.

Sijui kama mnajua kupoa ghafla juani. Nilipoa.

Nilichokiona nilikiona kutoka juu ya lori, wazi kabisa, na bado ninakiona. Yule wa Nairobi alipita. Umati ukapiga kelele, "Amepita! Amepita!" na kama kawaida ya watu, wakamwagika barabarani kumtazama akienda. Mama Rasoa alikuwa amewapa mgongo, leso kichwani, anangoja kengele. Alisikia "amepita." Akadhani kelele zimeimeza kengele. Akageuka, akajipenyeza pamoja na wengine mpaka katikati ya barabara, anyooshe shingo amwone mgongo mwanawe. Akamwona ni mtu mwingine. Akageuka tena kuuliza watu.

Hapo Festo alitokea kwenye kona. Watu wakaruka kando. Mama Rasoa hakuruka. Alibaki pale, uso kwa uso naye, mara ya kwanza tangu ng'ombe.

Nafasi ilikuwapo. Kushoto kwa mama palitosha baiskeli, ila angempita karibu mpaka nguo ziguse. Mtu mwingine yeyote angepita. Festo alikata usukani kulia, akaingia kwenye mtaro wa kalavati, kwenye mawe.

Mama Rasoa alijifunika leso uso mzima na kugeuka. Alikuwa hatua tatu tu kutoka mtaroni, hakuna aliyekuwa karibu zaidi yake, na hakuweza kumgusa. Alisimama amempa mgongo, akipiga mayowe, "Mwinueni! Jamani, mwinueni mtoto wangu!" Niliruka kutoka kwenye lori. Mfupa wa paja ulikuwa umetoka nje. Baiskeli, nisameheni kusema, ilikuwa nzima. Gurudumu nililolisuka lilikuwa bado linazunguka, limenyooka kabisa.

Alilazwa miezi mingi. Mguu ulipona ukiwa mfupi. Posta walimpa kazi ya kukaa kwenye kiti, kugonga mihuri. Alimwoa Rasoa, wakazaa, na kila aliyemwuliza alimjibu kwamba ng'ombe aliingia barabarani. Ng'ombe, siku ya soko, ni rahisi kuaminika. Lakini Lubao waliona, na Lubao walisema. Walisema mama yule amemtazama mkwe akamvunja. Wanawake waliokuwa wakiuza naye wakasogeza vikapu vyao. Wazee wakachinja mbuzi kusafisha jambo, damu ikamwagika, lakini maneno hayakuisha. Tangu wakati ule mpaka uzee wake aliuza ndizi akiwa ameipa barabara mgongo.

Nilikwenda kwa Mama Rasoa, Festo akiwa bado hospitalini. Nilikwenda kusema, naapa nilikwenda kusema, na kengele ilikuwa kwenye mfuko. Alikuwa amekonda. Kabla sijafungua mdomo akaniuliza, "Fundi, sema ukweli. Kengele ililia? Mimi sikusikia. Masikio yangu yameanza kufa?"

Nikasema, "Ililia, mama. Kelele zilikuwa nyingi."

Akaitikia kwa kichwa, polepole. "Basi ni mimi," akasema. Akaniongezea ndizi.

Mmeelewa? Festo alijua kengele haikuwapo kwenye baiskeli, lakini hakujua kwamba mama alikuwa akiingoja. Mama alijua alikuwa akiingoja, lakini hakujua kwamba haikuwapo. Wangeketi pamoja dakika mbili tu, jambo lote lingefunguka. Lakini wale watu wawili hawakuruhusiwa kuketi pamoja, na mama alikuwa ameniahidi kutomwambia mtu, akaitunza ahadi yake kuliko mimi nilivyotunza kitu chochote. Nilikaa katikati yao miaka yote hiyo kwa usalama, nikila harusini na nikilia matangani.

Tulipomzika mama, Festo alikuja hapa na mkongojo wake, akaketi hapo ulipoketi wewe. Akasema, "Fundi, mama alikuwa akimwambia Rasoa kwamba masikio yake ndiyo yaliniangusha. Masikio yanaingiaje hapo? Sijaelewa mpaka leo." Nilikuwa nanyoosha gurudumu. Nikagonga spoki, nikagonga nyingine, nikajifanya nasikiliza.

Ninaweza kuwafundisha kusuka gurudumu, kuziba tyubu bila gundi, kujua kwa kidole mpira mbovu. Woga sijui kuuondoa kwa mtu, wangu ulinishinda. Festo bado yuko hai, macho yake hayasomi tena, na wajukuu zake wamo miongoni mwenu. Mmoja wao amsomee haya mliyoyaandika, taratibu, asiruke mstari, mpaka hapa mwisho. Kengele ninaituma pamoja na karatasi, nimeipaka mafuta, inalia mara mbili kama zamani.

Festo, mama hakuwa kiziwi. Mimi ndiye niliyemwambia aje. Kengele haikulia, ilikuwa mfukoni mwangu.